Milango ya Klabu

Siku tatu kabla ya kura ya mchujo wa urais, mgombea wao akiwa bado nyuma, Verna wa klabu ya chama alikuwa akimtambia mzee aliyeketi kando yake katika basi la mji wa Nashua, Marekani. "Mzee wangu, tumegonga milango mia mbili kuomba kura!"

"Ya akina nani?"

"Ya wanaotuunga mkono. Tunafuata orodha."

"Kumbe mnagongeana wenyewe! Hongereni, klabuni mtashinda."

Verna akanuna. Kweli, juzi katibu wa klabu alimgongea mlango yeye mwenyewe mara mbili.

"Mimi naishi mkabala na klabu yenu," mzee akaendelea, "na sijaamua kura yangu nimpe nani."

Verna akapekua makaratasi yake harakaharaka. "Pole mzee, nyumba yako haimo kwenye orodha."

Basi likasimama. Mzee akashuka na kura yake.