Mama Perpetua na Sikukuu ya Watoto Mashahidi

Tarehe 31 Julai, siku ya Mtakatifu Ignasi, Mama Perpetua Andati atastaafu baada ya kuihudumia hospitali yetu ya misheni kwa miaka thelathini na mmoja. Ametuonya tusimwimbie wala tusimlishe keki. Keki imeshaagizwa.

Aliajiriwa kuosha sakafu za wodi ya uzazi, akawa katekista wetu kabla watu hawajazoea kumwona bila ndoo. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa wodi, akawaeleza akina mama habari za mtakatifu wa siku, kisha akaitafakari Injili ya Misa kwa ufupi, maana chai ilikuwa inapoa. Mtoto akizidiwa na padre yuko mbali, Mama Perpetua ndiye aliyembatiza, wazazi wakikubali, kwa jina la mtakatifu wa siku hiyo. Wachache walipona. Ndiyo sababu Kakamega ina kijana aitwaye Polikarpo, ambaye hajamsamehe hadi leo, na msichana Skolastika anayechukia shule kupita maelezo.

Wengi hawakupona. Tuseme ukweli huo hata siku ya keki. Kwa mama zao alikuwa na tafakari moja tu: usilie, umepata mtakatifu wako mwenyewe mbinguni. Aliisema kwa upole na aliiamini. Aliyeambiwa hivyo alijifuta machozi, akafunga mizigo, akaenda nyumbani. Sisi wauguzi tulishukuru, kwa kuwa wodi ilitulia.

Desemba mwaka juzi binti yake alijifungua hapa kabla ya miezi kutimia. Ilikuwa sikukuu ya Watoto Mashahidi, wale waliouawa na Herode, ambao majina yao hakuna ayajuaye. Mama Perpetua alishika maji ya ubatizo, akakosa jina. Mwishowe akamwita mjukuu wake Raheli, yule mama anayetajwa katika Injili ya siku hiyo, anayewalilia watoto wake na kukataa kufarijiwa. Kabla ya adhuhuri Raheli alifariki. Muuguzi mmoja, kwa nia njema, alimwambia Mama Perpetua maneno yake mwenyewe: usilie, umepata mtakatifu. Mama Perpetua alimtazama, akatoka nje, na kwa wiki kadhaa hatukumwona.

Tulidhani imani imemwisha. Kumbe alikuwa na safari. Alikwenda Likuyani kwa Kageha, mmoja wa akina mama wale, ambaye miaka mingi iliyopita alimzika mwanawe kwa macho makavu, kama alivyoagizwa. Kageha mwenyewe ndiye aliyetusimulia. Alikuwa anapukuchua mahindi. Mama Perpetua alisimama uani, akasema amekuja kuomba msamaha kwa kumnyima kilio chake. Kageha alimsogezea gunia akalie.

"Nakungojanga miaka yote, mama," akamwambia. "Keti tulie."

Mahindi hayakumalizika siku hiyo.

Alirudi kazini. Tafakari za asubuhi ziliendelea, lakini palipofiwa aliketi kando ya mama, akanyamaza, akamwacha alie hadi atosheke. Wodi haitulii tena, nasi tumejifunza kufanya kazi hivyo.

Mama, tumesikia kwamba hustaafu ili upumzike. Wamebaki akina mama wengi, kutoka Bukura hadi Lugari, na umesema utawafikia wote kabla magoti hayajakataa. Asante kwa majina uliyowapa watoto wetu. Tunakuombea barabara kavu na afya njema, na kila boma utakaloingia, umkute mama ambaye machozi yake bado yapo.