Hodi Katika Jumba la Mjerumani

Basi lilipoondoka Nyololo, bibi aliyeketi mbele yangu alimgeukia jirani yake. "Wewe si Bujiku, fundi wa lile jumba la Mjerumani pale Iringa mjini?"

"Nilikuwa, mama. Nimeacha kazi."

"Umeacha, na ule mlango wa zamani uliouzibua unatazama chumba changu!"

"Wakubwa walitaka jumba lirudi kama zamani."

"Limerudi mno. Ulichoma ubani kwanza?"

"Sisi Wasukuma na ubani wapi na wapi? Nilibomoa tofali, nikapiga hodi, nikaingia."

"Hodi, kwenye nyumba tupu! Wakasemaje?"

Nilidhani bibi anatania. Fundi hakudhani hivyo. "Mmoja alisema karibu," akajibu taratibu. "Wengine wakanipisha."

Bibi akamshika mkono. "Rudi ukazibe, mwanangu. Tangu juzi wananiita kwa jina. Zuena, Zuena, mpaka alfajiri."

"Nitaziba, mama. Lakini nitajuaje wako upande gani?"

Tukasimama Chimala. Mama muuza mchele akachungulia mlangoni, akasema kwa uchangamfu, "Hodi humu!"

Basi zima la watu waliolelewa vizuri, hakuna aliyeitikia.