Bibi Sylvi na Vichaka Tisa vya Bluberi

"Bibi, mbona unayang'oa maua? Hutaki matunda?"

Nilimuuliza hivyo mwezi Mei 2014, nikiwa na miaka sita. Alikuwa amepiga magoti bustanini, anachuma maua meupe ya vichaka vyake vipya vya bluberi na kuyatupa kwenye ndoo. Akanijibu, "Shika ndoo, Kaisa, acha maneno."

Marehemu Sylvi Maria Raatikainen alizaliwa tarehe 3 Februari 1943 hapa Salmela, kaskazini mwa Minnesota, ndani ya sauna ya wazazi wake, chumba cha kuogea kwa mvuke wa jiko la kuni, maana siku hiyo ndicho chumba pekee kilichokuwa na joto.

Alisoma shule ya hapahapa hadi darasa la kumi, na kwenye hesabu hakuna aliyemfikia. Mwaka 1959 alitolewa shule akapike kwenye kambi ya wakata miti, ili kaka yake aendelee kusoma. Niliambiwa sentensi hiyo niiruke leo hapa mazikoni. Nimeisoma.

Tarehe 12 Juni 1965 alifunga ndoa na babu yetu Toivo, mchimba chuma, aliyemtangulia mwaka 2011. Kuanzia 1966 hadi 1998 alikuwa mpishi wa shule ileile aliyotolewa.

Alipanda bluberi akiwa na miaka sabini na moja. Alichagua aina fupi, isiyopita goti, ili theluji iifunike yote kama blanketi, baridi ikifika nyuzi arobaini chini ya sifuri. Jirani yetu Arvo alimcheka: "Sylvi, msitu mzima umejaa bluberi za bure, wewe unapanda za nini?" Bibi akamwambia, "Msituni kuna dubu, Arvo, na dubu hajui foleni."

Hapa kila nyumba humwaga majivu ya sauna bustanini. Viazi huyapenda. Bluberi huuawa nayo polepole, kwa sababu yenyewe hutaka udongo mchachu, ule wa kinamasi, na majivu huuondoa uchachu huo. Bibi alilijua hilo, akapigilia kibao: MAJIVU NI YA VIAZI.

Tarehe 17 Oktoba 2022 alipata kiharusi, akahamishiwa nyumba ya kutunzia wazee. Baba mdogo Reino akabaki nyumbani kwake. Majira mawili ya baridi, kila Jumamosi baada ya sauna, alibeba majivu na kuyamwaga juu ya vichaka. Nilimwambia. Akacheka.

"Wewe binti, mimi nimeanza kumwaga majivu kabla hujazaliwa. Kibao kile ni utani wa mama."

Kiangazi cha 2023, baada ya baridi ya kwanza tu, majani yakageuka njano. Vichaka vinne vikafa. Baba akaniagiza nimwoneshe Bibi picha za mwaka 2021, "asije akaumia bure." Nikamwonesha. Kiangazi kizima alizisifu picha zile, nami nikaitikia, "Ndiyo, Bibi, vinaendelea vizuri." Mwanamke aliyekwishanyang'anywa shule bila kuulizwa, tukamnyang'anya na ukweli. Hasira yangu kwa hilo bado ni mbichi, na nimo kati ya ninaowakasirikia.

Tarehe 4 Mei mwaka huu, 2024, nilimwambia kila kitu. Alifariki tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi, baada ya kiharusi cha pili.

Ameacha wanawe wawili, Martti, ambaye ni baba yangu, na Reino, aliyekaa safu ya pili pale. Mjukuu mmoja, yaani mimi. Na vichaka vitano, ambavyo sasa viko nyuma ya nyumba yetu. Apumzike kwa amani, na asidanganywe tena na mtu yeyote.

Siku ile ya Mei, nilipomaliza kusema, aliugeuzia uso wake dirishani, akaiacha kahawa yake ipoe. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anapanga.

"Uliwahi kuniuliza habari ya maua," akasema. "Matunda niliyataka, mjukuu wangu. Niliyataka sana. Lakini kichaka kikizaa kabla hakijashika mizizi, hufa huku kinawafurahisha watu. Hivyo vitano vihamisheni, na maua yote myang'oe, mwaka huu na ujao. Sasa nenda kamwambie Reino alete koleo."