Kisanduku cha Mwanga cha Mama Nzilani

Wasomaji wa jarida letu la karakana, hamjambo nyote, wa Kitui na wa Makueni? Natumaini afya ni njema na watoto wako salama. Sisi huku tunamshukuru Mungu, ila vumbi limezidi.

Mama Nzilani Nyamai anastaafu tarehe 31 Oktoba, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Mimi Idris, fundi mwenzake kwa miaka kumi na tisa, nimeombwa niandike wasifu wake. Nimeombwa pia nijaze fomu ya ushahidi, kwa sababu Mama anataka kifaa alichobuni kisajiliwe kwa jina lake, na aliyemwona akikitengeneza ni mimi peke yangu. Fomu hiyo nimekaa nayo wiki saba. Si kazi iliyonichelewesha. Ni wivu, Mungu anisamehe.

Mama alianza enzi za simu za waya wa shaba, akipanda nguzo amevaa sketi juu ya suruali, maana mama mkwe wake hakutaka kusikia habari ya suruali peke yake. Faiba ilipokuja, wengi wetu tuliuogopa ule uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Yeye alitulia, akajifunza. Mpaka leo wakaguzi wakiipima laini ya Sultan Hamud huuliza ni nani aliyeunga. Jibu, Mama Nzilani, nimelisikia mpaka nimechoka.

Sasa kisanduku. Siku moja mchana, nimemaliza kuswali adhuhuri, nilimkuta ameifungua kalkuleta niliyoitupa kwenye pipa. Alitoa kile kipande chake cha sola, akakiunga na mita ndogo ya umeme, akakielekeza kwenye ncha ya faiba. Ncha ya pili aliiwekea leza nyekundu aliyoitoa kwenye chombo kibovu. Mwanga ukifika mwingi, mita inaonyesha namba kubwa. Ukivuja kwenye kiungo kibaya, namba inashuka. Baadaye akaongeza shada la nyuzi za plastiki lenye taa nyeupe, la kumulika ndani kabisa ya boksi la viungo vya faiba, ambako tochi haiingii. Vyote vilikaa kwenye kisanduku cha bati.

Meneja alipomsifu mbele ya watu nilipiga makofi, lakini kwa shingo upande. Mimi nina cheti cha ufundi. Yeye aliishia darasa la saba. Wakati wa chai nikaanza kusema kwamba kalkuleta ilikuwa yangu, kwa hiyo kifaa ni chetu wawili. Kwa miaka miwili sikukigusa kisanduku chake.

Kisha kebo ikakatika karibu na Malili. Nilikimbilia kule na mashine kubwa ya kampuni ili nimtangulie. Mashine ilisema uzi umekatika mita elfu tatu na mia nne kutoka kwenye kabati letu la mitambo. Nikapima barabara kwa gurudumu la kupimia, nikaanza kuchimba kando ya shamba la ndengu la Bi. Ndinda. Shimo la kwanza, hakuna kitu. La pili, la tatu, kebo nzima.

“Fundi, kama umekuja kunilimia, ungengoja mvua kwanza!” Bi. Ndinda akaniambia, na watu wa kituo cha matatu kilicho karibu wakacheka.

Mama Nzilani alifika na fundi mdogo wetu, Nthenya. Alilitazama lile gurudumu langu, akatoa daftari lake. “Idris ndugu yangu, mashine imepima kioo, haijapima barabara. Kutoka kabatini tumepita mashimo manane ya kebo, yale yenye vifuniko, na kila moja tuliliachia mita ishirini za akiba zimeviringwa. Hizo umezihesabu?”

Sikuwa nimezihesabu. Tulirudi nyuma mita mia moja na sitini, tukachimba shimo moja. Nthenya alirudi kabatini, akawasha leza ya kisanduku kule. Mama akafunika kebo kwa leso yake kuzuia jua, akachungulia, akaniita nami nichungulie. Pale panya walipotafuna, uzi ulikuwa unawaka mwekundu kama kaa la moto. Meneja alipopiga simu, Mama alimjibu, “Tumeipata.” Hakusema nimeipata. Neno hilo liliniuma kuliko kama angenisema.

Jana baada ya swala ya alfajiri nilijaza fomu. Panapoulizwa mbunifu ni nani kuna nafasi ya kutosha majina mawili, na kalamu yangu ilisimama hapo kitambo. Nimeandika moja: Nzilani Nyamai. Wivu haujaisha, nisiwadanganye. Kisanduku amemwachia Nthenya, na nikimwona amekibeba bado nageuza njia. Namwomba Mungu anisaidie.

Mama Nzilani, asante kwa kila kiungo ulichokiunga, na kwa kutoniaibisha siku ambayo ungeweza. Mungu akupe miaka mingi yenye afya, shamba lako kule Tulia lipate mvua, na wajukuu wakuache upumzike angalau Jumapili. Sisi sote wa karakana tunakuombea mema.

Fomu imebaki sahihi yako, ukurasa wa mwisho, na lazima ipelekwe kabla hujatoka kazini. Kwa kuwa uko likizo, niambie kama utapita hapa karakana Ijumaa au nikuletee nyumbani. Tafadhali nijibu upesi.