Mwalimu Nyasi na Tangi Alilotuachia

Kwanza salamu. Zimfikie Mwalimu na mume wake, fundi saa, na mgongo wake unaomsumbua. Mama yake mzazi, ambaye tunasikia bado anachagua mchele bila miwani. Binti yake muuguzi na mkwe wetu. Wale wajukuu pacha, mkimya na yule asiyenyamaza. Na jirani anayewapokelea simu. Sisi hapa chuoni ni wazima, ila mpishi ana mafua. Baada ya salamu, ndiyo haya.

Mwalimu wetu wa ikolojia ya bahari, ambaye kila mtu anamwita Mwalimu Nyasi, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu, baada ya kufundisha miaka thelathini na moja katika chuo hiki cha uvuvi. Likizo yake ya mwisho imeshamchukua. Yuko kwa binti yake, mbali na maji ya chumvi. Wenzangu wamesema niandike mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikifungua naye maabara kila asubuhi, mimi na ufagio wangu, yeye na chupa yake ya chai. Shule yangu ni ndogo, mtanivumilia.

Alikuja akiwa msichana mwembamba, akakuta wanafunzi wanaanza na samaki moja kwa moja: kuwapima, kuwapasua, kukisia wamebaki wangapi baharini. Akaomba muhula wa kwanza uwe wake, na pasiwe na samaki hata mmoja mezani. Watu walidhani anatania. Akaleta tangi la kioo, akatia tope na nyasi za bahari, akaliweka pale dirishani. Tangu hapo sharti ni lile lile: mwanafunzi mgeni anavuta kiti, anakaa mbele ya tangi, na haondoki mpaka aeleze nani anamla nani mle ndani.

Mwanangu wa pili alipita mikononi mwake. Wiki ya kwanza alirudi nyumbani analia. "Mama, nimekwenda kusomea samaki, nimepewa nyasi." Nikajua masomo ndiyo yameishia hapo. Nikamfuata Mwalimu. Hakunipa hotuba, alinivutia kiti na mimi. Nikakaa na ufagio wangu mkononi, hadi nikaona konokono na uduvi wanakula ule utelezi wa juu ya majani, na samaki mchanga, mwembamba kama sindano, anauvizia uduvi.

"Mwambie mtoto," akasema, "samaki anaanzia kwenye utelezi. Asipojua hapo, baharini atakwenda kuhesabu tu."

Leo mtoto huyo yuko kwenye meli ya utafiti. Sijamtia machoni tangu mwaka jana, na akipiga simu huuliza habari za tangi kabla ya zangu.

Kuna mwaka wavuvi walilia kwamba samaki wametoweka, na ofisi ikataka kuwabana wenye nyavu. Mwalimu akawapeleka wanafunzi wakachungulie chini kwanza. Wakakuta nanga zimekwangua nyasi zote, samaki wachanga hawana pa kukulia. Nanga zikatafutiwa sehemu nyingine, nyasi zikaota, samaki wakarudi polepole. Alipewa cheti kwa kazi hiyo. Alikikunja, akakiingiza chini ya mguu wa meza ili tangi lisiyumbe.

Sasa Mwalimu, habari yenyewe. Mkuu wa idara anaitaka nafasi ya dirishani aweke jokofu la samaki, na somo lako lisogezwe mwaka wa tatu. Alisema ataamua muhula ukifunguliwa, akiona kama tangi bado lina uhai. Basi fundi mpya wa maabara, kwa moyo mwema kabisa, akaona aibu likutwe chafu. Akasugua majani yote mpaka yakang'aa. Konokono wakaanza kudondoka, uduvi ukapungua, samaki mchanga hatukumwona tena. Wanafunzi wako wa mwaka jana walipoingia walishika vichwa. Hawakumsema fundi vibaya. Walikwenda naye ufukweni, wakaleta majani yenye utelezi wake, wakayapanda. Konokono wameshaanza kupanda majani. Samaki bado.

Jana mkuu alikuja na futi kupima nafasi ya jokofu. Wanafunzi wakamvutia kiti. Akakaa, nadhani kwa heshima tu. Chai niliyompelekea ikapoa. Futi aliisahau sakafuni, na mimi nimefagia nikaizunguka.

Asubuhi bado natoa vikombe viwili, kisha nakirudisha kimoja.

Ahsante kwa kila kiti ulichotuvutia. Pumzika vizuri, mgongo wa mzee upone, wajukuu wasikumalize. Lakini tuletee neno upesi, hata kwa simu ya jirani: samaki mchanga akishtuka, hukaa mafichoni mpaka lini? Anayeuliza si mimi. Ni mkuu. Amekuja tena leo, kiti amevuta mwenyewe.