Jinsi Nta Ilivyorudi Jikoni Kwetu

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa. Nawasalimu nyote mliofika asubuhi hii ya baridi, wa hapa Troyeville na ninyi mliotembea kutoka Malvern. Kwa wageni, mimi naitwa Mama Lindiwe, kwetu ni Morogoro. Mume wangu Themba ni mwenyeji wa nchi hii, ila wazazi wake walikimbilia Tanzania wakati wa siasa za ubaguzi wa rangi, naye akakulia kwetu. Ndiyo maana mkimsikia anaongea Kiswahili mnadhani yeye ndiye Mluguru na mimi ndiye mgeni. Amekaa pale nyuma. Nimemwomba ruhusa ya kusema haya, akasema sema, ila usinililie.

Sitalia. Nataka kushuhudia jinsi Mungu alivyotuondolea hofu iliyokuwa imehamia jikoni kwetu, na njia aliyoitumia, kwa sababu njia yenyewe sikuitegemea.

Nilianza kutengeneza mishumaa mwaka 2015, wakati umeme ulipokuwa unakatwa kwa zamu mji mzima. Mnakumbuka jinsi mishumaa ilivyokuwa ikiisha kwenye spaza, vile viduka vya mtaani. Mama yangu mdogo kule Morogoro alikuwa akitengeneza mishumaa ya parokia, na mimi nilimsaidia tangu nikiwa msichana, kwa hiyo kazi niliijua. Nilinunua mabamba ya nta, nikanunua tambi na kalibu za kumiminia, nikawa nayeyusha kwenye sufuria juu ya jiko la gesi. Umeme ulipotulia, kazi haikuisha. Makanisa yaliendelea kuagiza, maharusi waliagiza, watu wenye mikesha ya msiba waliagiza. Themba alikuwa mlinzi kwenye jengo la ofisi Braamfontein. Tulikuwa tunaishi, ndugu zangu. Hatukuwa matajiri, lakini mtoto alisoma na nyumba ilikuwa na furaha.

Siku ya moto ilikuwa Jumamosi mchana. Kulikuwa na oda ya harusi, kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, nami nilikuwa nimeazima sufuria kubwa ya kupikia pilau la shughuli. Nilikuwa nimesimama palepale na mwiko mkononi. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba katika sufuria kubwa namna ile, nta ya chini inaweza kupata moto mkali sana huku ya juu bado ni mabonge. Unaangalia juu unaona mabonge, unasema bado, unaongeza moto. Ikaanza kutoa moshi mweupe. Mabonge yakazama ghafla, nta ikafurika, ikatelemka ubavuni mwa sufuria ikakutana na moto wa gesi. Sufuria nzima ikawaka.

Mkono wangu ulikwenda kwenye mtungi wa gesi nikafunga. Mpaka leo sijui niliwaza nini. Nasema ni Bwana. Lakini Themba alikuwa uani, aliona moto dirishani, akaingia na ndoo ya maji. Nilimwambia, "Siyo maji, Themba, siyo maji," lakini alikuwa ameshamwaga. Wale msiojua, msikie leo: maji yakiingia kwenye nta inayowaka yanageuka mvuke mara moja na kuirusha nta yote juu. Moto ulikwenda mpaka kwenye dari. Ulimshika Themba mikono yote miwili, na shingo, na upande wa uso. Majirani waliingia na mablanketi. Nyumba haikuungua yote, lakini dari ya jikoni iliondoka, na mume wangu alilala hospitali wiki nyingi. Mlikuja kumwona. Wengine wenu mlitoa damu. Mungu awakumbuke.

Alipona. Huo ni ushuhuda wa kwanza, na ungetosha. Lakini aliporudi nyumbani hakuingia jikoni.

Hakusema haingii. Aliacha tu. Akitaka maji, alimwita Lindiwe, binti yetu. Chakula alipelekewa sebuleni. Kama nakaanga kitu na mafuta yakalia kidogo, nilimsikia anafungua mlango wa mbele na kwenda kusimama nje mpaka nimalize. Siku moja nilitoa mshumaa kabatini ili niupeleke kwa jirani, akaniambia kwa upole sana, "Mama Lindiwe, nta haitarudi ndani ya nyumba hii. Wala mshumaa usiwake humu."

Nikamjibu, "Sawa, baba."

Na mimi nilikuwa vilevile. Nilikuwa naota sufuria. Nilikuwa nikisikia harufu ya nta kwenye nguo zilizofuliwa mara nyingi. Kazini hawakuweza kumrudisha Themba kwa sababu mikono haikuwa na nguvu ya zamani, kwa hiyo nikaanza kusuka nywele kwa Mama Nsimire, yule dada yetu wa Bukavu mwenye saluni kule Malvern. Tulifunga na kuomba. Mchungaji alikuja akatuwekea mikono. Tulipata faraja, sitaki kudanganya, lakini hofu ilibaki palepale jikoni kama mpangaji asiyetaka kuhama. Nilianza kujiuliza kama imani yangu ni ndogo.

Siku moja pale saluni, umeme ulikuwa umeanza kukatwa tena, naye Mama Nsimire alikuwa ananisikiliza huku anamtengeneza mteja kwa mwanga wa tochi. Watu walikuwa wanapita mlangoni kuuliza mishumaa, maana walizoea kuniona nayo. Nikamwambia, "Dada, mimi naogopa moto. Siwezi tena."

Akanijibu kwa Kiswahili chao, "Apana. Weye hauogope moto. Kila siku unapikaka bugali. Unaogopa kitu chenye hauone, ile joto ya ndani ya sufuria. Tafuta chombo chenye kitakuonesha joto iko ngapi, na chenye haina moto chini."

Ndugu zangu, nilikuwa nimeomba kwa muda mrefu Mungu anitoe hofu, na sikuwahi kumuuliza hofu yangu inaogopa nini hasa. Nilirudi nyumbani nikasali sala nyingine. Nilisema, Bwana, nionyeshe chombo.

Nilimweleza Themba. Akasema, "Tafuta. Lakini kabla hakijaingia ndani, nitakiona mimi kwanza."

Basi tukaanza kutafuta, na niwaambie tulivyochagua, kwa sababu najua humu kuna akina mama wanaoyeyusha nta, wanaotengeneza sabuni na mafuta ya kujipaka, na wengi bado wako juu ya gesi.

Kwanza Mama Nsimire alidhani lile birika kubwa la umeme lenye bomba, tunalochemshia chai hapa kanisani na kwenye misiba, lingefaa. Nilifungua la jirani nikaangalia ndani. Chuma cha kupasha joto kiko wazi kule chini, nta ingekigusa moja kwa moja, na birika lenyewe linajua jambo moja tu, kuchemsha. Halafu nikawaza lile bomba: nta ikipoa ndani yake inaganda, umelipoteza. Nikaliacha.

Nilijaribu ile sufuria ya umeme ya kupikia maharage polepole. Hiyo ni salama, na kwa mtu anayetengeneza mishumaa michache ya zawadi naishauri. Lakini oda ya kanisa moja tu ingenichukua siku nzima kwa vikombe vikombe. Mtambo wenyewe wa kuyeyushia nta upo pia, wenye koti la maji na bomba linalopata joto. Ni mzuri kweli. Bei yake tuliisikia, tukamshukuru muuzaji, tukatoka.

Ndipo tulipokwenda Jules Street, kwenye lile duka linalouza vyombo vya migahawa iliyofungwa. Themba alikuja na mimi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa karibu na majiko tangu siku ile, nami nilimwona anavyosimama karibu na mlango. Muuzaji, kijana Mkenya mchangamfu, alituvuta kwenye mashine ya kukaangia chipsi. "Mama, chukua hii," akasema. "Inashika moto haraka sana, itayeyusha chochote."

Themba akasema kutoka mlangoni, "Hicho ndicho tunachokikimbia, ndugu yangu."

Pembeni, chini ya masahani, kulikuwa na sanduku refu la chuma kisichoshika kutu. Mmeliona kwenye migahawa: chini wanatia maji, juu wanapachika vyombo virefu vya mchuzi na wali visipoe. Mama Nsimire anasema kwao wanaliita benmari. Lilikuwa na kitufe cha kupangia joto chenye namba, na koki ya kutolea maji. Nililiangalia nikaelewa moyo unavyotulia. Nta inakaa kwenye chombo chake, maji yanakaa chini, umeme unapasha maji tu. Maji yakichemka hayazidi pale. Maadamu maji yapo, hata ukisahau, hata kitufe kikiharibika, nta haiwezi kufika kwenye ule moshi mweupe. Vyombo vyake ni vinne, kwa hiyo hakuna sufuria nzito ya kubeba; unachota kwa kata unamimina.

Themba alisogea. Akauliza maswali yake: Maji yakikauka inajizima? Muuzaji akasema hii haijizimi, lazima uangalie. Akauliza inakula umeme kiasi gani, maana nyumba zetu za Troyeville ni za zamani. Akauliza umeme ukikatika katikati ya kazi itakuwaje. Yule kijana akacheka, "Mzee, maji yatakaa na joto. Utamaliza kumimina." Tukalichukua.

Lakini halikuingia jikoni. Themba aliliweka kwenye baraza, akalitia maji matupu, akaliwasha mpaka mwisho, akachukua kiti na kipimajoto cha nyama, akaketi. Alikaa nalo alasiri yote kama mtu anayeichunguza posa ya binti yake. Lindiwe alimpelekea chai, akamuuliza kwa Kiingereza chake anasubiri nini. Akamjibu kwa Kiswahili, "Nasubiri livuke mia." Halikuvuka. Siku iliyofuata akarudia. Kisha akamwita fundi umeme atuwekee laini yake peke yake jikoni, isichangie na friji. Akanunua blanketi la kuzimia moto akalitundika karibu na mlango, akatuita mimi na Lindiwe, akatufundisha: nta ikiwaka, funika, zima umeme, toka. Maji usiguse. Alitufundisha kwa mikono ile ile yenye makovu.

Siku ya kwanza ya kuyeyusha nilikata nta vipande vidogo tangu jana yake ili iyeyuke kwa usawa. Nilifuta vyombo vikakauka kabisa, maana hata tone la maji sitaki likae chini ya nta. Nikapanga joto, nikasimama. Nta ikalainika pole pole, ikawa angavu. Kipimajoto kikanionyesha kila kitu. Nilikuwa naimba kwa chini, sijui wimbo gani.

Nikamsikia Themba nyuma yangu. Alikuwa ameingia. Alivuta stuli akakaa, akaanza kuninyooshea tambi moja moja. Jua la majira ya baridi linazama mapema, mnajua, na tulikuwa bado kazini umeme ulipokatika. Giza likaingia jikoni mara moja. Nilitafuta simu nipate tochi.

Akasema, "Nta iko salama?"

Nikasema, "Iko salama. Maji bado yana joto."

"Basi washa mshumaa, Mama Lindiwe. Tumalize."

Niliwasha. Yeye ndiye aliyeushika. Tukamimina kalibu zote zilizobaki kwa mwanga wa mshumaa wetu wenyewe, na usiku ule tulikula jikoni, sisi watatu, mezani.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyemtoa mume wangu motoni. Namshukuru aliyemweka Mama Nsimire njiani kwangu. Sisemi maombi hayakutosha; nasema maombi yalijibiwa pale Jules Street, chini ya masahani ya mgahawa uliokufa, na mimi nilikuwa nikitazama mbinguni tu. Kama kuna mtu hapa ambaye kuna chumba nyumbani kwake hawezi kuingia, au kazi ambayo mikono yake inaikataa, asione haya. Mtajie Bwana hofu yako kwa jina, kisha inuka ukatafute naye. Yeye haogopi kuingia humo. Na baada ya ibada, akina mama mnaoyeyusha kwa gesi, msiondoke kabla hatujaongea. Themba atawaonyesha lile blanketi linavyokunjuliwa. Amelileta.