Kila Bano na y Wake

Fundi cherehani aliyekaa mbele yangu kwenye treni alikuwa anakwenda kufanya mtihani alioukimbia ujanani. Kwa chaki yake ya kukatia nguo aliandika kwenye sketi, juu ya goti: x² + 5xy + 6y². Chini yake akaweka (x + 2)(x + 3), akaridhika.

"Samahani dada," akasema nesi aliyekaa naye, "y kaenda wapi?"

"Si natafuta namba mbili tu? Nikizidisha nipate sita, nikijumlisha nipate tano."

"Namba ziko sawa. Ila kila bano ni nyumba, shoga yangu. Humu anakaa x na y wawili, mle x na y watatu. Wa humu wakioana na wa mle, ndoa za x na y zinakuwa tano."

Fundi akafuta kwa kiganja, sketi ikawa ubao mtupu. "Na kwenye x² − y², katikati mbona hakuna ndoa hata moja? Hao walikosana?"

Nesi akaanza kuhesabu kwa vidole. Treni ikasimama, fundi akashuka akikung'uta chaki, bado anamtazama nesi akisubiri jibu.

Nesi akanigeukia mimi na swali lile lile. Nikafumba macho haraka, nikawa abiria aliyelala tangu safari inaanza.